Mkonga wangu leo unawaka, kesho "tik" tu. Betri mpya, hita plagi mpya, bado

MamaViazi

Habari za kazi jamani. Naomba msaada kwa anayezijua Land Cruiser za zamani. Akili imeniishia na hela nayo iko njiani kuisha.

Gari ni Land Cruiser pikapu, mkonga, HZJ75 ya 1996, injini 1HZ, umeme wa volti 12, betri moja N70. Aliliacha marehemu mume wangu na mimi ndiye ninayeliendesha. Nikisema naliendesha namaanisha mimi mwenyewe, usukani mkononi. Nalisema mapema maana gerejini kila nikienda naambiwa "mwambie dereva aje aeleze". Napakia viazi Matamba, nashuka ile barabara ya kona, Hamsini na Saba, mpaka Chimala, narudi na mbolea, saruji, sukari na abiria wawili watatu. Anayeijua ile barabara anajua zile kona siyo mahali pa gari kukususia.

Ugonjwa wenyewe hauna msimamo. Leo asubuhi nageuza funguo, linawaka hata sijakaa sawa. Kesho nageuza: tik. Kimya. Nageuza tena: tik. Mara ya sita, au ya ishirini, linashika na kuunguruma kana kwamba lilikuwa linanitania. Asubuhi nyingine stata inazunguka vizuri, kwa nguvu zote, ila injini haishiki. Napiga, napumzisha, napiga, mpaka naionea betri huruma. Halafu linakohoa, linatikisika kama mtu aliyetolewa kwenye maji, linawaka. Likishawaka halina neno, linapanda na magunia yake mpaka juu.

Nilichokwisha kufanya: betri mpya mwezi wa pili. Mwezi wa tatu hita plagi zote sita (zile za kupasha silinda kabla ya kuwasha), filta ya dizeli, na nozeli zikatolewa zikapimwa, nikaambiwa ziko sawa. Sasa fundi anasema pampu imechoka, ifunguliwe yote, milioni moja na laki nne. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa na sitaki kumuuza kwa kubahatisha.

Kwa sasa nyumbani napaki pua ikiangalia bondeni. Nikisikia tik naachia breki ya mkono, linateremka, gia ya pili, naachia klachi, limewaka. Chimala ni tambarare, hapo nawaita vijana wa stendi wasukume, mia tano mia tano kila mmoja.

KijanaWaNoah

Mama uza hiyo chuma chakavu, chukua Noah. Unabonyeza, inawaka, unasikiliza muziki.

MamaViazi

Noah ipande Hamsini na Saba mwezi wa tatu, matope, na magunia kumi ya viazi? Ukiiweza naomba picha.

MzeeDizeli

Hiyo ni baridi tu. Matamba juu kule kuna baridi ya kuua kuku. Chovya kitambaa kwenye petroli, weka mdomoni pa filta ya hewa, piga stata. Itawaka siku hiyo hiyo.

FundiStata_Mwanjelwa

Mzee, kwa heshima zote, hilo usimfundishe mtu. Injini hii ina mgandamizo wa 22 kwa 1 na ushee, na hita plagi zinakuwa nyekundu ndani. Mvuke wa petroli unawaka kabla pistoni haijafika juu. Nimeshaletewa injini yenye pistoni iliyopasuka kwa mtindo huo, na mwenye gari alikuwa anasema "iliwaka vizuri tu". Ndiyo, iliwaka.

Sasa mama. Umeandika vizuri kuliko wateja wangu wengi, maana umetaja sauti. Nasuka stata na alteneta hapa Mbeya tangu 1998 na neno ninaloambiwa kila siku ni "gari haiwaki". Gari haiwaki ni sawa na mtu kumwambia daktari "naumwa". Wewe umeeleza vitu viwili tofauti kabisa ukaviita tatizo moja:

Kwanza, stata haizungushi injini. Hapo dizeli, pampu, nozeli na hita plagi havihusiki hata kidogo. Pili, stata inazungusha ila injini haishiki. Hapo betri na stata zimeshamaliza kazi yao, waachie watu wa mafuta.

Mimi nitasema la kwanza, hilo ndilo langu. Nijibu: ni tik moja nzito, au tik-tik-tik-tik ya haraka kama cherehani? Na washa taa kubwa kabla ya kugeuza funguo, ikitokea tik, taa zinafifia au zinabaki vilevile?

MamaViazi

Tik moja, nzito, naisikia mpaka miguuni. Taa nimejaribu leo jioni Chimala, zilibaki vilevile. Mshituko kidogo sana, basi.

FundiStata_Mwanjelwa

Basi betri yako ya mwezi wa pili haikuwa na kosa, na pengine hata ile ya zamani haikuwa nalo. Pole.

Nikueleze kilichomo. Juu ya stata kuna kitungi chenye waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye swichi ya funguo, na boliti mbili nene. Boliti moja inapokea waya mnene wa betri, nyingine inapeleka moto, yaani umeme, kwenye mota ya stata. Ukigeuza funguo, kitungi kinavuta pistoni ndogo yenye kisahani cha shaba, kile kisahani kinakwenda kubamiza vipande viwili vya shaba na kuziunganisha zile boliti mbili. Tik unayoisikia ni hicho kisahani kikifika. Kimefika, lakini moto haujapita.

Haupiti kwa sababu vile vipande vinalika, na haviliki sawasawa. Kimoja, mara nyingi cha upande wa betri, kinaisha mapema. Kisahani kinagusa kile kirefu, kile kifupi kinabaki na nafasi ya unene wa karatasi. Ukijaribu tena, kisahani kimejizungusha kidogo, kimekuta mahali penye mwinuko, kimegusa vyote viwili: gari linawaka. Ndiyo maana mara ya sita, mara ya ishirini. Stata za aina hii zote zina ugonjwa huu, ni wa uzee tu.

Ila usinunue kitu kwa maneno yangu. Pima. Mita ya kupimia volti ya elfu kumi na tano inatosha. Mtu akae ndani ageuze funguo, gia iwe huru, breki ya mkono juu, na wewe usisimame mbele ya gari. Ncha nyeusi ya mita iwe kwenye chuma cha injini muda wote. Nyekundu iguse, wakati wa ile tik:

– boliti nene ya betri kwenye stata. Ikiwa 12 na kitu, waya mnene ni mzima.
– waya mwembamba. Ukikuta 11 au zaidi, swichi ya funguo haina kosa. Ukikuta 8 au 9, umeme unapotelea njiani, na magari ya umri huu hayo nayo ni kawaida. Unafungiwa rilei, swichi ndogo ya umeme, karibu na betri, umemaliza.
– boliti nene ya pili, ya kwenda kwenye mota. Hapa ndipo penye jibu. Ya kwanza 12, ya pili sifuri au karibu na sifuri, na tik umeisikia: shaba zimekwisha.

Usisahau ethi, yaani njia ya hasi. Nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma cha injini, stata ikizunguka isizidi nusu volti. Ikizidi, ule waya wa hasi umeoza kwenye kichwa chake hata kama kwa nje unang'aa.

WaIsiolo

Mama pole sana. Mimi ni wa huku Isiolo, Kenya, niko na 1HZ pia, inabeba maji na unga kwenda huko ndani. Fundi amesema ya stima, wacha niseme ya mafuta, maana hiyo ilinimaliza mwaka mzima.

Swali ya kwanza: hizo siku inazunguka na haishiki, angalia ekzosi. Kuna moshi mweupe ama hakuna kitu? Ukiona moshi mweupe mwingi unaowasha macho, diseli inafika lakini haichomeki, hapo ndio unashuku hita plagi na rilei yake. Ukikosa moshi kabisa, diseli haijafika kwa silinda. Hapo hata ubadilishe hita plagi mara kumi.

Ya pili: pampu ya hii injini inajivutia mafuta yenyewe. Kutoka tanki mpaka filta mpaka kwa pampu, paipu yote inafyonzwa. Kwa hivyo ikiwa na tundu ndogo huoni diseli ikidondoka. Hewa ndio inaingia. Mafundi walikuwa wanakagua gari yangu, wanapangusa, wanasema "hakuna liki". Kweli hakukuwa na liki, ya kutoka. Usiku ukilaza gari, hewa inaingia polepole, diseli inarudi kwa tanki. Asubuhi pampu inafyonza hewa mpaka ichoke.

Test ya bure: ile kibonyezo iko juu ya filta. Asubuhi kabla hujagusa funguo, ibonyeze na mkono. Ikiwa ngumu mara moja ama mbili, laini imejaa. Ikiwa laini laini mara nyingi ndio ikaze, diseli ilirudi. Halafu piga stata. Ikishika saa hiyo hiyo, pampu yako iko sawa na hiyo milioni kaa nayo.

Na usisahau ile solenoidi ya kuzima, ile inakata diseli ukizima gari, iko kwa pampu na waya mmoja. Ukiweka funguo on lazima isikike ikigonga kidogo. Waya yake ikilegea, gari inazima na kuwaka vile inataka.

MamaViazi

Asanteni. Moshi sikuwahi kuutazama, nakuwa nimeinamia usukani naomba Mungu.

Nimeamua hivi. Nina daftari la mizigo, kila safari naandika magunia na nauli. Naongeza safu moja: gari limewakaje. Nipeni wiki mbili.

KijanaWaNoah

Wiki mbili unaandika gari limewakaje. Noah 😂

MamaViazi

Nimerudi. Wiki mbili na siku tatu. Nanakili hasa yale ya matatizo, siku nzuri nyingi nimeziruka:

Jumatatu, nyumbani, pua bondeni, baridi. Tik mara 4, likawaka.
Jumanne, Chimala mchana, limetoka kushuka, injini ya moto. Tik mara 11. Vijana wakasukuma.
Alhamisi, nyumbani, pua mlimani kwa sababu nilipakia usiku pale stoo. Stata safi, haishiki. Moshi hakuna. Dakika karibu tatu za kupiga na kupumzika.
Jumamosi, Chimala, la moto. Tik 2.
Jumatatu, nyumbani, pua mlimani. Stata safi, haishiki, moshi hakuna kisha mweupe ghafla, likawaka.
Jumatano, nyumbani, pua bondeni. Safi kabisa. Alhamisi hivyo hivyo.
Ijumaa, Chimala, la moto. Tik 7.
Jumapili, pua mlimani makusudi. Haishiki, moshi hakuna.
Jumanne, pua mlimani makusudi tena, lakini nimebonyeza kwanza. Kibonyezo kilikuwa laini kama titi la ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa, mara kumi na moja ndipo kikakaza. Nikageuza funguo, likashika papo hapo.
Jumatano, pua bondeni. Kibonyezo kigumu mara ya pili tu.

Nilipoyasoma yote pamoja nikacheka peke yangu jikoni. Kumbe kile kitendo changu cha kupaki pua bondeni kwa ajili ya tik ndicho kilichokuwa kinaficha ule ugonjwa mwingine! Tanki liko nyuma. Pua ikiwa chini injini iko chini ya tanki, dizeli haina pa kurudi. Pua ikiwa juu, usiku kucha inateremka nyumbani kwake. Gerejini nilikuwa nalipeleka likiwa limeshawaka, wanalilaza kwenye sakafu tambarare, asubuhi linawaka mara moja wanasema "mama mbona zima?" Kama mtoto anayelia tumbo usiku kucha, mkifika kwa daktari anaomba biskuti.

Kuhusu mita: ilibidi nimfundishe utingo wangu kugeuza funguo na kuacha kunichekesha. Gari nalo likakataa kuumwa siku mbili mfululizo mita ikiwa tayari. Siku ya tatu, Chimala, likanipa tik tano mfululizo. Boliti ya kwanza 12.3. Waya mwembamba 11.6. Boliti ya pili 0.1. Nikarudia nikidhani nimegusa pabaya. 0.1.

FundiStata_Mwanjelwa

Hapo hata mimi sina la kuongeza. Sema lile la kutokea zaidi likiwa la moto nalo linaeleweka: kitungi kikipata joto la injini koili yake inavuta kwa unyonge, na shaba zenyewe zimeshakuwa fupi.

Usikubali kuuziwa stata nzima ya mtumba, hujui shaba zake zimebaki kiasi gani. Nunua vipande viwili vya shaba na pistoni yenye kisahani, vyote kwa pamoja. Ukibadilisha shaba ukaacha kisahani chenye mfereji, utarudi. Na anayefungua atoe kwanza waya wa hasi kwenye betri. Ile boliti nene haina fyuzi. Spana ikigusa bodi utaona fataki za Mwaka Mpya.

WaIsiolo

Hiyo daftari ni dawa mama. Sasa hewa inaingilia wapi? Anza na mahali mkono wa mtu ulipita mwisho. Ulisema filta ilibadilishwa?

MamaViazi

WaIsiolo, swali lako lilinifanya nirudi nyuma kwenye daftari. Filta ilibadilishwa tarehe 14 mwezi wa tatu, siku ile ile ya hita plagi. Kabla ya hapo nilikuwa na tik peke yake. Wiki iliyofuata nimeandika, kwa mkono wangu, "limesumbua kuwaka, nimechelewa gulio". Nilidhani ni ugonjwa uleule umezidi. Kumbe la pili nililinunua gerejini kwa hela yangu.

Nimekwenda kwa fundi mwingine, kijana mmoja mtulivu, nikamwambia sitoki hapa, nakaa kwenye ndoo naangalia. Alianza na stata. Alipofungua kifuniko cha nyuma, boliti tatu ndogo, akanipa vile vipande mkononi. Kimoja kina unene wa sarafu ya mia mbili na bado kina kona zake. Cha pili kimelika kwa mteremko kama sabuni ya kufulia iliyobaki, ukingoni unaweza kukatia nyanya. Kisahani kina mfereji umezunguka wote, umeungua mweusi. Mpya, shaba mbili na pistoni, 35,000. Ufundi 20,000.

Halafu filta. Chini yake kuna kile kisensa cha maji, kinafunguliwa kwenye filta ya zamani na kufungwa kwenye mpya, na kina oringi, ile pete ya mpira ya kuziba. Kijana akakifungua taratibu. Oringi ilikuwa ya zamani, ngumu kama kucha, na sehemu moja imebanwa kwenye uzi wa skrubu mpaka ikakatika nusu. Kwa nje, kavu. Hakuna hata unyevu. Nikakumbuka "hakuna liki ya kutoka". Oringi mpya, 1,000.

Jumla elfu hamsini na sita. Pampu hajaigusa mtu.

MzeeDizeli

Sasa baridi je?

MamaViazi

Mzee, baridi ipo palepale. Nasubiri taa ya hita izime, nahesabu kidogo, nageuza. Petroli nimemwachia mwenye pikipiki.

Leo ni siku ya ishirini na mbili. Nimelaza pua mlimani mara tisa, makusudi, kibonyezo kigumu kila asubuhi. Tik haijarudi, la moto wala la baridi. Safu ya daftari bado naijaza, nimeshazoea. Ila Chimala nimepata kesi nyingine: wale vijana wa stendi wamekuja dirishani kuuliza kama nimepata watu wengine wa kusukuma. Nimewaambia gari limepona. Mmoja akazunguka mpaka mbele, akaliangalia vizuri, akasema basi tupe hata ya kulipongeza.